Miti ya Kubaki

Kila asubuhi, chai ikishashuka tumboni, Nyapara aliingia msituni kama mtu anayeingia sebuleni kwa ndugu zake. Hakubisha hodi, lakini alivua kofia. Ukungu ulikuwa bado umelala chini kati ya mashina ya misonobari, mzito kiasi cha kumeza magoti yake, na mkewe aliyemtazama kutoka dirisha la chumba cha kushonea alimwona akielea badala ya kutembea. Kilibaki kichwa, mabega na fimbo, kisha bega moja, kisha basi. Msitu ulimfunika kama mtu anavyojifunika shuka.

Mkewe aliitwa Fundi. Jina hilo lilikuwa limemkaa mwilini hata mtu akimwita fundi wa baiskeli barabarani, yeye ndiye anayegeuka. Alishona sare za shule na magauni ya harusi kwa cherehani ya miguu iliyowekwa dirishani, na dirisha halikuwa na kitu kingine cha kutazama ila msitu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiinua macho kutoka kwenye mshono na kukutana na ukuta uleule, kijani kwa juu na giza kwa chini.

Msitu ulikuwa wao. Mumewe alikuwa nyapara kwenye shamba kubwa la miti ya mbao, na alipostaafu kazi ilimwacha ila jina likagoma kuondoka. Ardhi hii nyuma ya nyumba aliipanda mwenyewe, mche kwa mche, alipokuwa bado na nguvu za kubeba ndoo mbili za maji kwa mkono mmoja, au ndivyo alivyosimulia. Aliipogoa miti hiyo, akaipunguza mara ya kwanza kama inavyotakiwa, akasema mara ya pili ataifanya akishapumzika kidogo. Katika kupumzika huko ndipo mambo yakaanza kumtoka kichwani.

Yalimtoka moja moja, bila haraka, kama wageni wanaoaga. Kwanza yaliondoka majina ya majirani, ambayo Fundi hakuyajali sana kwa kuwa hata yeye baadhi yao angependa kuwasahau. Kisha yakaondoka majina ya miezi. Kisha njia ya sokoni, na siku hiyo walimkuta stendi ameketi katikati ya mizigo ya watu, akisubiri lori la shamba ambalo lilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Hata jina la Fundi liliondoka. Alimwita "mama," kwa adabu, kama abiria anayeomba kupishwa.

Lakini msituni hakupotea. Hilo ndilo lililomshangaza kila mtu. Aliingia, akazunguka, akatoka palepale alipoingilia, suruali imejaa sindano za misonobari na uso umetulia kama wa mtoto aliyeamka vizuri. Fundi alijua siri yake, kwa sababu alimsikia tangu zamani. Nyapara hakufuata njia, alifuata miti. Aliigusa na kuizungumzia kama watu. Wa kwanza kabisa, pale msitu unapoanza, alimwita Bawabu. Kwa Bawabu unakata kushoto hadi kwa Mama Mapacha, mwenye shina lililogawanyika mara mbili. Kutoka hapo unamwona Karani, aliyenyooka kama rula, kisha Mlevi, aliyelala upande, na kadhalika na kadhalika, mkono kwa mkono, hadi unapomwona tena Bawabu na nyuma yake bati la nyumba linang'aa.

Asubuhi moja alichelewa. Alirudi goti limechanika na damu kidogo kwenye kiganja. Fundi alimvua suruali, akaitia kiraka, akavaa mwenyewe mabuti ya bustani akaingia kutazama. Msonobari mwembamba, mrefu kama mlingoti, ulikuwa umekatika katikati na kuanguka juu ya njia. Hakukuwa na upepo wowote jana yake. Ulikuwa umechoka tu. Na Fundi aliposimama pale, mkono kifuani, akasikia juu kabisa miti mingine ikisuguana, mlio mwembamba, kama milango mingi ya nyumba moja inayofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kuamsha wenzake.

Akamwita afisa misitu.

Afisa alikuwa msichana mrefu mwenye begi mgongoni, na watu walimwita Bwana Miti kwa sababu waliomtangulia wote walikuwa wanaume na hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Yeye mwenyewe alikwisha kuacha kugombana nao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia. Utakunywa chai kwanza au utaniogopesha kwanza?"

"Nikuogopeshe kwanza. Chai itatutuliza."

Waliingia wote wawili. Ndani ilikuwa kama chini ya maji. Mwanga ulishuka kwa vipande vidogo, ukapotea kabla ya kufika chini, na ardhi yote ilikuwa ya kahawia, laini, isiyo na hata jani moja bichi. Viatu havikutoa sauti. Bwana Miti alisimama, akaweka mikono kiunoni, akainua uso.

"Tazama juu, mama. Vilele vimebanana. Wote hawa wanagombea tundu moja la mwanga. Angalia shina hili, umri ule wote na bado naweza kulikumbatia nikajikuna mgongo."

"Lakini imesimama," Fundi alisema.

"Imesimama kwa sababu haina pa kuangukia. Ni kama watu kwenye foleni iliyobanana. Ukitoa mmoja kwa pupa, wote chini."

Akamweleza, wakitembea. Itolewe karibu theluthi ya miti, si zaidi, na isitolewe yote sehemu moja. Mti wa kutoa hauchaguliwi kwa kuutazama wenyewe, anatazamwa jirani yake: yupi anamkaba nani. Wasubiri ndege watoke kwenye viota, na sasa wamekwisha kutoka, na wafanye ardhi ikiwa kavu, ili magogo yakiburutwa yasiuchane udongo. Magogo machache mabovu yaachwe palepale yaoze, maana yana wenyeji wake. Walipofika ukingoni, upande wa barabara, Fundi alionyesha miti mifupi yenye matawi hadi chini, iliyokaa kihasara hasara.

"Hii basi tuanze nayo. Inanitia aibu. Kila anayepita anadhani hatujui kupogoa."

Bwana Miti alitikisa kichwa. "Hii usiiguse kabisa. Sura mbaya, lakini ndiyo inayokinga upepo. Watu wengi huanza na hii, shamba lipendeze kutoka barabarani. Mwaka unaofuata wananipigia simu wanalia."

"Na nisipokata mti wowote?"

"Utaanza kuokota mmoja mmoja, umevunjika. Siku moja utavunjika na mzee yuko chini yake."

Kwa mbali, kati ya mashina, walimwona Nyapara amesimama mbele ya mti, kiganja chake kimelala juu ya gome, midomo ikicheza.

"Unamwona?" Fundi alisema. "Yule haoni njia. Anakwenda kwa miti, kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Ukiikata, umemkatia barabara ya kurudi nyumbani."

Bwana Miti hakucheka. Alimtazama mzee kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Basi ifunge alama ile anayoishika. Hiyo itabaki. Tutakata kandokando yake. Hata ikiwa mibovu, nitafumba jicho."

Jioni binti yao alipiga simu, kama kawaida, akiwa anapika huko mjini. Fundi alisikia kijiko kikigonga sufuria. Alimweleza habari za kupunguza msitu. Kijiko kikanyamaza.

"Mama, na Baba akiingia humo akakuta kumebadilika?"

"Tutaweka alama."

"Baba hasomi alama, mama. Sikiliza. Ile siku ya stendi niliapa. Akipotea tena, hata mara moja, nakuja kumchukua. Chumba kipo. Mlango una kufuli la juu, hawezi kulifikia."

"Baba yako ghorofa ya nne? Atasalimia nini huko, nguzo za umeme?"

"Atasalimia wajukuu zake."

Binti hakuwa na roho mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa magumu kuyakataa. Fundi alijua atakuja kweli. Huyo mtoto alirithi shingo ngumu ya babake, na akisema nakuja, yuko njiani.

Kwa hiyo Fundi alikata bitana nyekundu vipande vyembamba, akavijaza kwenye mfuko wa aproni, na asubuhi baada ya asubuhi akamfuata mumewe.

Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Msitu ulikuwa wa mumewe kama cherehani ilivyokuwa yake. Sasa alitembea nyuma yake, mbali kidogo, ndani ya ukungu, na mambo yalikuwa kama ndoto anayoiota mtu mwingine na wewe umeingia kwa makosa. Nyapara alitembea bila haraka. Akifika kwa mti aliweka kiganja, akainamisha kichwa, akasikiliza. Wakati mwingine alicheka kidogo. Wakati mwingine aliuambia mti jambo zito na kupangusa pua. Akishaondoka, Fundi alisogea, akaushika mti mahali palepale, gome bado lina joto la mkono wake, akafunga kitambaa chekundu. Aliona aibu kidogo, kama anayesoma barua za watu.

Siku moja Nyapara aligeuka ghafla akamkuta.

"Mama, unatafuta mtu?"

"Natembea tu. Nakwenda hukohuko unakokwenda."

"Basi twende. Ila usiongee kwa sauti, Karani yuko kwenye hesabu."

Wakapita mbele ya Karani kwa vidole vya miguu, wazee wawili, mmoja kwa dhati na mwingine kwa mapenzi. Nyapara alimpa mkono kuvuka mzizi. Mkono ule ulikuwa uleule, mgumu na mkavu, na Fundi aliushikilia muda mrefu kuliko mzizi ulivyohitaji.

Ilipofika siku ya kukata, mlio wa lori ulisikika kabla ukungu haujaondoka. Mkataji aliitwa Kimya, na aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Alishuka akiongea na mwenzake, akashusha msumeno wa mashine akiongea nao pia, akamkuta Fundi uani akamsalimia, akamsifia nyumba, akamlalamikia barabara, akamuuliza kama kuna maji ya kunywa. Bwana Miti alikuja nyuma kwa pikipiki yake na kopo la rangi nyeupe.

"Ni rahisi leo," alimwambia Kimya. "Yenye kitambaa chekundu inabaki. Kati ya mingine, ya kutoka mimi naitia rangi, wewe unakata."

Waliingia. Kimya aliangalia kulia, akaangalia kushoto, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

"Vitambaa viko wapi?"

Havikuwepo. Fundi alikwenda kwa Bawabu, hakuna. Akakimbia, kwa kadiri magoti yake yalivyoruhusu, hadi kwa Mama Mapacha. Hakuna. Kwa yule aliyedhani ni Karani, kwa Mlevi, gome tupu. Msitu mzima ulikuwa umesimama ukimtazama kama haujawahi kumwona.

Nyapara alikuwa ameketi kwenye kisiki cha zamani, mifuko ya koti imetuna. Alipomwona mkewe akachomoa vitambaa, vimekunjwa vizuri kimoja juu ya kingine, akamnyooshea kwa hasira ya mtu mwenye haki.

"Mama, hebu nisaidie kumtafuta aliyefanya haya. Amewafunga shingo. Kamba haikui, mti unakua. Utamnyonga huku unamwona. Nimefukuza watu kazi kwa hili."

Fundi alivipokea. Akaketi chini, kwenye sindano laini za misonobari. Alijua. Kwa nini hakukumbuka, na alijua? Maisha yao yote ya ndoa alikuwa akimsikia huyu mtu mezani, tonge mkononi, akiwalaani vijana wa kitalu waliosahau kamba kwenye miche. Likizo zao alizipoteza akifungua nyuzi kwenye miti ya watu asiowajua. Na yeye, mkewe, akachukua bitana akaenda kufunga mafundo karibu mia moja katika msitu wa mtu pekee ambaye asingeweza kupita bila kuyafungua.

"Mama," alisema Kimya, akijikuna kisogo, "mimi nikiambiwa kata nakata, nikiambiwa acha naacha. Lakini nikiambiwa kisia, tutagombana mpaka siku ya mwisho."

"Tunaweza kuahirisha," alisema Bwana Miti. "Ila mashine hii inakwenda mbali, na ikirudi ni baada ya mvua. Mimi naweza kusubiri, mama. Upepo sikuahidi."

Juu yao miti ilisuguana tena, ule mlio wa milango. Fundi aliangalia. Angeweza kujaribu kukumbuka mwenyewe, lakini alikwisha kuona kwamba bila kitambaa hakujua Karani ni yupi kati ya warefu waliojipanga. Alimtazama mumewe. Alikuwa ameegemea fimbo, akiutazama msumeno kwa jicho la upande, jicho la mtu anayeona kazi inasimama bila sababu.

Fundi alinyanyuka, akapangusa sketi.

"Nyapara," alisema. "Wakataji wamefika. Wanasubiri maelekezo."

Kisha mgongo wa mzee ukanyooka, pingili kwa pingili, kama tawi lililopukutisha umande.

"Sasa mbona mmekaa?" alisema. "Jua linakwenda. Nani ana rangi?"

Walianzia upande wa lori, ambako mzee hakuwa na desturi ya kuingilia. Alitembea mbele, Bwana Miti nyuma yake na kopo, Fundi pembeni. Hakugusa mti kwa kiganja sasa. Alisimama mbali nao, akaukazia macho, akainua uso hadi kileleni, akarudi nyuma hatua, akatazama wa jirani. "Huyu abaki. Yule anamlalia mwenzake, toa. Huyu abaki. Huyu na huyu wanakabana, lakini huyu ana mizizi, toa yule." Bwana Miti alitia rangi, mara moja au mbili akauliza, akajibiwa, mara moja akakataa na mzee akakubali: "Haya, umeona vizuri, abaki." Wakaenda hivyo, wawili wale, kama watu waliokwisha kufanya kazi pamoja maisha yao yote. Kimya alifuata mbali, akinong'ona, maana hata yeye alihisi kuna jambo linapita pale ambalo halitaki kukatizwa.

Furaha ya Fundi ilidumu mpaka kwa Mlevi.

"Toa," alisema Nyapara.

Fundi alifungua mdomo. Huyu ndiye aliyeguswa jana, akaambiwa mambo, akachekewa. Akaufunga. Wakafika kwa mwingine aliyemjua kwa kovu lake, na huyo naye akatolewa. Ndipo alipoelewa kwamba mumewe alikuwa na watu wawili ndani yake, anayesalimia na anayefanya kazi, na hawa wawili hawakuwa wanajuana. Leo ni zamu ya mfanyakazi. Kesho mwenzake ataamka na kukuta jamaa zake hawapo.

Kwa Mama Mapacha mzee alisita. "Huyu alitakiwa kutolewa tangu mdogo. Nani alimwacha?"

"Ni wewe ulimwacha," alisema Fundi.

Alifikiri. "Basi nilikuwa na sababu. Abaki."

Mwisho wakafika pale msitu unapotazamana na nyumba. Bawabu alisimama peke yake mbele kidogo ya wenzake, mnene kuliko wote, gome lake limemeguka vipande vipande na utomvu umemwagika ubavuni ukakauka kama nta. Nyapara alimzunguka. Akainama, akagonga shina kwa kichwa cha fimbo, chini, karibu na mizizi. Mti ukajibu kwa sauti ya debe.

"Ameoza ndani," alisema. "Akianguka ataangukia nyumba, au mtu. Toa."

Bwana Miti hakutia rangi. Brashi ilibaki hewani, tone moja jeupe likadondoka kwenye buti lake. Alikuwa amesikia habari za mti huu. Akamgeukia Fundi.

"Mama?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Bila Bawabu, hata akikumbuka wengine wote waliosalia, mzee hatajua wapi pa kutokea. Ataupita mlango wa nyumba yake mwenyewe. Binti atakuja, na kufuli la juu, na dirisha la ghorofa ya nne ambalo halina ukungu wa kuingia ndani yake. Neno lilikuwa dogo tu. Acha. Nani angemlaumu? Mti ungeweza kusimama mwaka, miwili. Huenda mitatu.

"Fundi," alisema Nyapara.

Aligeuka. Mumewe alikuwa akimtazama, yeye hasa, usoni, kama alivyokuwa akimtazama zamani akirudi kazini na matope hadi magotini.

"Fundi, umesikia nilichosema? Huyu ataumiza mtu."

"Nimesikia," alisema. "Nimekusikia, mwenzangu." Akamgeukia msichana. "Tia rangi."

Kimya alimkata mwenyewe Bawabu, na alifanya kazi hiyo mdomo umefungwa. Alichonga pengo kwenye shina upande wa kuangukia, akaenda nyuma, mashine ikalia, ikanyamaza. Kwa muda mfupi mti ulisimama kana kwamba haujaambiwa. Kisha kilele kikasogea angani, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini, na ukashuka kwa pumzi moja ndefu. Sindano za misonobari zilinyesha baada yake. Na nyuma ya sindano ukashuka mwanga, mwingi, wa manjano, ukaanguka palepale mti ulipokuwa ukaketi chini kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuuona.

"Huyu mama anatoka wapi?" Nyapara aliuliza, akimwonyesha Bwana Miti kwa fimbo. "Na hawa watu wote wanatafuta nini kwetu?"

Fundi alimshika mkono akampeleka ndani kula.

Kazi ilipokwisha na lori kuondoka, ukungu ulirudi asubuhi kama kawaida, lakini ulikuwa mwepesi. Jua liliingia kutoka juu na kuukunja mapema. Nyapara alikunywa chai, akachukua fimbo, akatoka. Fundi hakumzuia. Aliketi kwenye cherehani, gauni la watu mbele yake, mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga.

Alimwona akifika kwenye kisiki kipya. Alisimama. Aliweka mkono mbele, usawa wa kifua, mahali ambapo gome lingekuwa, na mkono ukakaa hewani bila kitu cha kushika. Akaushusha. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaenda kulia, ambako hajawahi kwenda. Fundi alikwisha kuinuka nusu alipotambua kwamba bado anamwona.

Alikuwa anamwona. Shati la bluu lilipita nyuma ya shina, likatokea upande wa pili. Likapita nyuma ya jingine, likatokea. Ukuta haukuwepo. Kulikuwa na miti, mmoja hapa, mmoja pale, kila mmoja na nafasi yake, na kati yao mwanga, na ndani ya mwanga mzee mmoja anatangatanga. Aliweza kumwona hadi mwisho kabisa, kwenye ile miti ya ukingoni yenye sura mbaya.

Simu ikaita. Alijua ni nani hata kabla ya kuishika.

"Mama, vipi huko? Baba yuko wapi?"

"Msituni."

"Amepotea?"

Uongo ulikuja wenyewe hadi kwenye ulimi, mtamu, umeshonwa tayari. Fundi aliumeza.

"Ndiyo. Amepotea. Anazunguka, hajui aliko."

"Nakuja leo hiihii."

"Subiri, mwanangu. Amepotea, lakini namwona."

"Unamwonaje?"

"Kwa macho. Nimekaa hapahapa penye cherehani. Zamani akiingia tu nilikuwa simwoni tena, nilikuwa nangoja arudi na roho mkononi. Wewe hujui tu, sikukwambia. Sasa namwona. Ana shati la bluu. Ameinama, anaokota kitu. Koni ya msonobari, nadhani. Amekinusa. Amekitia mfukoni."

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Sasa je?" binti akauliza, kwa sauti ndogo.

"Sasa ameketi kwenye gogo. Amegeuza uso kwenye jua. Amefumba macho, nadhani, kwa hapa sioni vizuri. Hana wasiwasi. Mwenye wasiwasi ni mimi na wewe."

"Na akiinuka akaenda barabarani?"

"Nitamwona anainuka. Barabara iko mbali kidogo naye, nitamfikia kabla hajaifika."

Fundi alisikia mtoto mmoja akiuliza kitu nyuma, na binti akimjibu kwamba ni bibi, kwamba babu yuko kwenye jua.

"Nitakuja Jumamosi," alisema hatimaye.

"Na kufuli?"

"Na watoto. Nataka nimwone mwenyewe kutoka hapo dirishani. Kisha tutaongea, mama. Sijasema tumemaliza."

"Hatujamaliza," alikubali Fundi. "Njoo tu."

"Bado unamwona?"

"Bado. Ameinuka sasa. Anageuka geuka." Alikwisha kuvaa mabuti, simu imebanwa kati ya shavu na bega kama anavyobana pini akipima mtu nguo. "Ngoja nikamlete, chai ya pili inapoa."

Akatoka uani, akakipita kisiki, akaingia katikati ya misonobari akitembea kwenye mwanga, mahali ambapo hadi juzi palikuwa giza.